Ukuta Unaotazamana na Kitanda

Choo cha Mikono Miwili kilikuwa na rangi ya benki. Si rangi inayofanana na ya benki, bali ile ile hasa, bluu nzito yenye kung'aa, iliyobaki kwenye madebe siku tawi la karibu na kituo cha mabasi lilipopakwa upya na meneja akaagiza mabaki yatupwe. Mikono Miwili hakuwa mtu wa kutupa rangi. Aliyafunga madebe nyuma ya baiskeli akaja nayo nyumbani, na tangu hapo mtu wa nyumba ile akibanwa na haja alisema anakwenda kuweka akiba. Utani huo ulikua pamoja na watoto, ukawaona wakioa na kuolewa na kuhama, wenyewe ukabaki.

Jiko lilikuwa la zahanati. Korido ilikuwa ya shule ya msingi: kahawia chini, krimu juu, na mstari katikati, ili uchafu wa mikono ya wanafunzi usionekane. Sebule ilitoka kwa mwanasheria mmoja aliyechagua rangi ya damu ya mzee akiwa peke yake dukani, akabadilishiwa mawazo na mkewe ukuta wa kwanza ulipokauka. Na chumba cha kulala kilikuwa zambarau. Hoteli iliyoiagiza ilifilisika kabla ya kufunguliwa, na kwenye kadi ya rangi zambarau hiyo iliitwa Usiku wa Wafalme.

Hivyo ndivyo alivyoishi fundi rangi aliyesifika kuliko wote pale mjini: katikati ya maamuzi ya watu wengine. Mwenyewe hakuona ajabu. Rangi ilikuwa nzuri, imepakwa vizuri, na haikumgharimu kitu. Aliyeona ajabu ni mkewe, naye alilisema hilo mara moja, walipokuwa bado wachanga katika ndoa. Alisema angependa ukuta mmoja tu aliouchagua mwenyewe. Mumewe akamjibu, "Subiri nimalize kazi za watu." Kazi za watu, kama ijulikanavyo, haziishi.

Jina la Mikono Miwili alipewa na wateja. Mafundi wengine hupaka mkono mmoja, tabaka moja tu la rangi, wakachanganya rangi na maji kidogo ili iende mbali, wakapokea chao wakaondoka kabla ukuta haujaanza kuonyesha mabaka. Yeye hakutoka kwenye nyumba ya mtu bila mkono wa pili.

"Nipigie mmoja tu, fundi," wateja walimsihi. "Wageni wanakuja Jumamosi."

"Mkono mmoja ni wa kupungia kwaheri, mama. Mimi bado sijaondoka."

Na wageni wa Jumamosi wakaja wakakuta ngazi sebuleni.

Alikuwa pia na dini yake ya madebe. Mjini kulikuwa na rangi tatu, alisema, nyingine zote ni maji yaliyooshewa brashi. Kulikuwa na Malkia, yenye picha nzuri kwenye debe, inayofunika vizuri, lakini mahali pasipofika jua inageuka njano kama meno ya mvutaji. Kulikuwa na Kipepeo, rangi ya maji, rahisi, isiyo na harufu, inayokauka hata hujashuka kwenye ngazi. Ila baada ya misimu miwili ya mvua ukiiegemea unaondoka nayo begani. Na juu ya zote kulikuwa na Ngome. Ngome ilikuwa rangi ya mafuta, nzito, ghali, yenye harufu ya kumliza mtu asiye na msiba. Ilikauka polepole kama mtu anayefikiria. Lakini ikishakauka, imekauka. Unaweza kuiosha kwa sabuni na stilwaya ya kusugulia sufuria, unaweza kuigonga kwa kiti, ukuta ukabomoka Ngome ikabaki imesimama. Hili la mwisho hakuna aliyewahi kulishuhudia, ila yeye alilisema kwa uzito wa mtu aliyekuwepo.

Mkewe alikuwa mshona mito na mashuka, mwanamke mwembamba mwenye ulimi. Alimwita mumewe "fundi" kama wateja walivyomwita, na kwa sauti ile ile ya mtu anayejua kwamba hata akilalamika atangojeshwa. Mapafu yake yalipoanza kuchoka, alichoka nayo kwa ustaarabu. Aliacha cherehani kwanza, halafu akaacha kwenda sokoni, halafu akaacha kutoka chumbani. Hospitali walimpiga picha za kifua, wakazitazama kwenye mwanga, na daktari, binti mdogo kuliko binti yao, akavua miwani kabla ya kusema.

"Mama arudi nyumbani tu. Mpeni anachokitaka."

Binti yao alielewa, akatoka nje kulia. Mikono Miwili alielewa pia, lakini kwa namna ya fundi. Amepewa kazi, akataka maelezo ya kazi. Jioni ile aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akaweka mikono magotini.

"Daktari kasema tukupe unachotaka. Sema."

Mkewe alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda wake.

"Kumbe mpaka aseme daktari," alisema alipoweza. Kisha akanyoosha kidole kwenye ukuta uliotazamana na kitanda. "Nataka huo. Nimelala na huu usiku wa wafalme maisha yangu yote na sijawahi kuwa hata diwani."

"Unataka rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani kipi? Kijani ni ukoo mzima."

Akafumba macho kidogo. "Jani la mgomba likiwa bado limejikunja. Siku ile linapoanza kufunguka, kabla jua halijaliunguza. Hicho."

Kesho yake asubuhi Mikono Miwili aliingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi akiwa na jani la mgomba limeviringishwa kwenye gazeti lililoloweshwa. Mwenye duka, rafiki yake wa zamani mwenye tumbo lililofika kaunta kabla yake, alilitazama.

"Mzee, leo umeniletea malisho? Mbuzi wangu nilishauza."

"Nipe kadi za rangi. Zote."

"Zote? Si siku zote unachukua Ngome tu na kunitukania hizo nyingine mbele ya wateja?"

"Leo mimi ndiye mteja."

Mwenye duka akaacha utani, akazileta kadi. Alikuwa amesikia habari za mgonjwa. Mji ule haukuwa mkubwa kiasi cha mtu kuugua kwa siri. Wakazipanga kaunta, wakaweka jani juu ya kila kijani, wakatoka nalo barazani kulitazama juani, wakarudi nalo kivulini. Wateja wawili waliokuja kununua misumari walingojeshwa, mmoja akatoa maoni yake bila kuombwa. Mwisho vikabaki vijani vitatu. Cha Malkia kiliitwa Ndoto ya Bustani. Cha Ngome kiliitwa Kijani Hafifu cha Ndani na Nje. Cha Kipepeo kiliitwa Kijani. Watu wa Kipepeo hawakuwa na muda wa mashairi.

"Chukua Ngome umalize," alisema mwenye duka. "Si unaijua?"

"Rangi ya kwenye kadi ni ahadi tu. Nipimie kidogo kidogo, zote tatu."

Hapo hakukosea. Rangi ikiwa mbichi ni moja, ikikauka ni nyingine, asubuhi ina sura hii na jioni ina ile. Ndiyo maana fundi anayejiheshimu hupaka viraka ukutani kwanza, akavingoja. Mikono Miwili aliuziba usiku wa wafalme kwa msingi mweupe wa maji, rangi ya kutangulia isiyo na harufu, mgonjwa akiwa kalala pale pale akimtazama. Kisha akapaka viraka vitatu, kila kimoja ukubwa wa sinia: Malkia karibu na mlango, Ngome katikati, Kipepeo pembeni karibu na dirisha.

Kipepeo kilikauka mkewe akiwa bado hajamaliza chai.

Malkia alitolewa siku ile ile. Alikuwa na ubluu ndani yake, na mgonjwa akasema anamkumbusha choo. Ngome kilikaa kikinata, kikitoa harufu, mpaka dirisha likafunguliwa na mgonjwa akawekewa kitambaa puani. Lakini kilipokauka kilikuwa kizuri, kimetulia, chenye kina. Mikono Miwili alikitazama asubuhi, akakitazama mchana, akakitazama kwa taa. Alikuwa hajafurahia ukuta namna ile tangu ujana. Pale kitandani mkewe alikuwa anatazama pembeni.

"Ipi?" alimuuliza siku walipoona vimekaa vya kutosha.

"Hiyo ya dirishani."

"Hiyo ni Kipepeo." Alilisema kama baba anayearifiwa binti yake amechumbiwa na mwizi.

"Sikuuliza jina lake."

"Mke wangu, hiyo haidumu. Miaka miwili imepauka, inatoa unga."

"Miaka miwili?" Akamgeukia. "Mbona mingi."

Wapo watakaosema kwamba hakusikia. Alisikia. Lakini kuna namna ya kusikia ya watu wa kazi, ambapo sikio hupokea lile linalohusu kazi na mengine likayaweka kando kwa baadaye. Yeye alikuwa tayari anaeleza jinsi Ngome inavyoshika, jinsi isivyobadilika hata ikioshwa, jinsi ukuta ule ungebaki vile vile.

"Na ipi inakauka haraka?" mkewe akauliza.

"Kukauka haraka si sifa. Mimi siwezi kukupakia wewe Kipepeo. Nimewapakia watu Ngome mji mzima, wewe nikupakie maji? Watu wataniambia nini?"

"Watu gani hao watakaoingia chumbani kwangu?"

Alianza kufuta brashi. Mkewe alimtazama anavyoifuta, akaona furaha yake, akasema, "Haya, fundi. Kazi ni yako."

Ile "haya" Mikono Miwili aliichukua kama idhini.

Kwa sababu ya harufu ya Ngome, ilibidi mgonjwa ahamishwe. Shemeji yake, dada mkubwa wa mgonjwa, alikuwa na nyumba mtaa wa pili na chumba kitupu. Wakamwita dereva wa teksi wanayemfahamu, binti akashika mito, Mikono Miwili akambeba mkewe mwenyewe. Alikuwa mwepesi kuliko debe. Mlangoni mgonjwa akageuza shingo kuangalia ukuta.

"Usichelewe," alisema.

"Nichelewe wapi? Mkono wa kwanza leo, wa pili ukikauka, harufu ikitoka nakufuata."

Alikwangua magamba ya rangi, akapiga msasa viraka vyote vitatu ili visiache kingo, akavifunika kwa msingi mwingine mweupe, na juu yake akaanza Ngome. Alipaka kama alivyopaka nyumba za watu, kuanzia pembe ya juu, brashi ikishuka moja kwa moja bila kurudi. Binti yao aliyemletea chakula alimkuta anaimba. Hakumkumbuka baba yake akiimba.

Halafu hali ya hewa ikageuka. Mawingu yakakaa, hewa ikawa ya majimaji, na Ngome, iliyokuwa polepole hata juani, ikaamua kufikiria zaidi. Asubuhi alikuwa akigusa ukuta kwa ncha ya kidole, na kidole kikawa kinashikwa. Alasiri akagusa tena.

"Baba," alisema binti, "mkono mmoja unatosha. Umeshafunika vizuri. Tufungue madirisha, tumrudishe mama."

"Una mabaka."

"Siyaoni."

"Hata wateja hawayaoni. Mimi nayaona."

"Mama anauliza kila siku."

"Mwambie karibu."

Naye akamwambia karibu. Hiyo ndiyo habari aliyokuwa akipelekewa mgonjwa, kila siku, na watu waliompenda.

Mikono Miwili mwenyewe alikuwa akienda kumwona jioni, akiwa ameoga lakini ananuka Ngome, kwa hiyo anakaa karibu na mlango. Chumba cha shemeji alikuwa amekipaka yeye, zamani, mikono miwili, krimu. Mkewe alikuwa amelala akiitazama hiyo krimu, aliyoichagua dada yake. Jioni moja alimwashiria asogee. Akasogea.

"Umekauka?"

"Bado unanata kidogo. Hewa hii."

"Na kile cha dirishani?"

Ilimchukua muda kuelewa anaulizwa nini. "Kile kiraka? Nilikifunika. Si lazima kifunikwe, ili ukuta uwe mmoja?"

Shemeji aliyekuwa akikunja nguo kwenye kona aliacha kukunja.

"Ah," mkewe akasema. "Kilikuwa kizuri. Asubuhi kilikuwa kinapigwa na jua."

"Utaona huu. Ni kijani kile kile, ila chenyewe hasa."

"Haya, fundi."

Mkono wa pili aliupaka siku jua liliporudi. Ulikubali vizuri. Ukuta ulikaa sawasawa kutoka pembe mpaka pembe, bila alama ya brashi, kijani cha jani linalofunguka, na akasimama katikati ya chumba akijua kwamba hajawahi kupaka ukuta mzuri kuliko ule. Alikuwa anaosha brashi kwa tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, nyuma ya nyumba, mchana, shemeji alipokuja mwenyewe kwa miguu, kanga kaishika mkononi badala ya kuivaa. Mikono Miwili akaendelea kuosha brashi mpaka ikatakata, kwa sababu rangi ya mafuta ukiiachia brashi inakufa.

Msibani nyumba ilijaa. Watu waliingia mpaka chumbani, wale aliouliza mkewe ni watu gani. Walikaa kwenye mkeka chini ya ukuta wa kijani, na kwa kuwa watu msibani hukosa la kusema, waliusifu. Mwenye duka alikuja, akautazama ukuta, akamtazama rafiki yake, akatoka nje. Mzee mmoja jirani aliuliza ni rangi gani hiyo. Mikono Miwili akajibu ni Ngome, na hata pale, akiwa kavimba macho, akaongeza kuwa inaoshwa kwa sabuni. Mdomo ulizoea.

Watu walipotawanyika alibaki na ukuta. Alilala akiutazama, akaamka akiutazama. Haukuwa na kosa lolote, hilo ndilo lililomshinda. Ungekuwa na mabaka angejua pa kuanzia. Angeweza kuhesabu siku ambazo rangi ya dirishani ingempa mkewe kitandani pake, lakini hakuzihesabu. Alilijua jibu kama unavyojua jino bovu, bila kuligusa. Kilichokuja kila asubuhi ni lile neno "mingi". Miaka miwili, mbona mingi. Sasa sikio lilikuwa halina kazi nyingine, likampa yote lililokuwa limeyaweka kando.

Asubuhi moja alishusha msasa.

Alianza karibu na dirisha, kwa mviringo. Ngome ilimkatalia, kama alivyowaahidi wateja wake wote kwamba itakataa. Alibadilisha karatasi, akaendelea mpaka bega likauma. Ngome ilipopungua ukatokea weupe wa msingi, naye akauacha msasa mkali akachukua ule laini, akaulowesha kwa maji, akaanza kufuta taratibu kama mtu anayemfuta mtoto uso. Akifuta kidogo, anapangusa kwa kitambaa, anatazama. Angezidisha mkono mara moja tu, angefika kwenye zambarau. Jua likaingia dirishani, likapanda ukutani, na chini ya weupe, mahali pa upana wa kiganja, kikaanza kutokea kijani. Kilikuwa chepesi zaidi, na hakikuwa na kina. Kilikuwa na unga kidogo kwenye kidole.

Akaacha hapo hapo. Akakaa kitandani, upande wa mkewe.

Binti alipokuja jioni alisimama mlangoni, chakula mkononi. Pembeni mwa ukuta ule uliosifiwa na mji mzima, karibu na dirisha, kulikuwa na kidonda: duara la kijani, limezungukwa na pete nyeupe, limezungukwa na mikwaruzo, na vumbi chini mpaka kwenye viatu vya baba yake.

"Baba. Ukuta umefanyaje?"

"Umebanduka."

"Ngome?" Alikuwa amekua akisikia hadithi za Ngome kama wengine wanavyosikia za sungura. "Ngome imebanduka?"

Mikono Miwili hakugeuka. Jua lilikuwa limeshatoka dirishani, na kile kijani kilianza kuingia giza kabla ya ukuta mzima.

"Rangi za siku hizi, mwanangu," alisema. "Hazidumu."

Binti aliweka chakula juu ya cherehani ya mama yake. Akautazama ukuta, akauona msasa kwenye ndoo. Kisha akaenda kuchukua ufagio, akafagia lile vumbi kidogo kidogo, akawa mwangalifu asiguse pale dirishani.